Ziara ya Basi Katika Nyayo za Mwalimu Tabora: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Kisa kinachochambuliwa hapa kinahusu ziara ya mafunzo ya wanafunzi wa kidato cha tatu wa shule moja ya sekondari mkoani Kigoma, waliosafiri kwa basi la kukodi kupitia Uvinza, Kaliua na Urambo hadi Tabora, ili wafuatilie maisha ya Mwalimu Julius Nyerere akiwa mwanafunzi, akiwa mwalimu, na hatimaye akiwa kiongozi wa harakati za kudai haki ya Mwafrika kujitawala na kupiga kura. Niliombwa kuandamana nao kwa sababu nafundisha historia na nimeshiriki kuandaa ziara za namna hii. Shule, mwongozaji na wanafunzi siwataji, kwa kuwa kinachonihusu ni jambo lenyewe.

Kwa vipimo vya kawaida ziara hii ilifanikiwa. Basi lilikuwa zima na dereva alikuwa mtulivu, chakula kilipatikana kwa wakati, na mwongozaji, mzee mstaafu aliyezaliwa na kukulia Tabora, alikuwa anaijua historia ya mji wake kuliko yeyote kati yetu. Hata hivyo, katika siku hiyo moja wanafunzi walipitishwa harakaharaka kwenye tukio kubwa kuliko yote yaliyomhusu Mwalimu katika mji huo, na mmoja wao akauliza swali ambalo halikujibiwa. Kwa maoni yangu mambo hayo mawili yana chanzo kimoja, nacho ni kwamba ziara ilipangwa kwa kufuata majengo, wakati maisha ya mpigania haki hufahamika kwa maamuzi aliyoyafanya na kwa watu walioishi na matokeo ya maamuzi hayo.

Kituo cha kwanza kilikuwa Shule ya Wavulana ya Tabora, na hapo mwongozaji alifanya kazi nzuri sana. Aliwaeleza wanafunzi kwamba Nyerere, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, alizaliwa Butiama mwaka 1922, akaanza masomo Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, na akafika Tabora mwaka 1937 akiwa kijana wa miaka 15 hivi. Shule hiyo ya serikali ilikuwa imeanzishwa na Waingereza hasa kwa ajili ya watoto wa machifu na ikaendeshwa kwa nidhamu iliyoigwa kutoka shule za bweni za Uingereza, viranja wakiwa na mamlaka na marupurupu yao. Husimuliwa kwamba Nyerere alipofanywa kiranja alipinga desturi ya viranja kupewa chakula maradufu. Wanafunzi wa bweni wanajua maana ya chakula maradufu bila kufafanuliwa, na mjadala uliozuka pale chini ya miembe ulikuwa mkali: wapo waliosema kiranja anayefanya kazi ya ziada anastahili kula zaidi, na wapo waliosema kazi ya kiranja ni heshima, si mshahara. Mzee aliwaacha wabishane, naye akasikiliza. Nataja jambo hili kwa makusudi, kwa sababu linaonyesha kwamba uwezo wa kuongoza mjadala alikuwa nao, na kwamba kilichotokea baadaye mchana hakikutokana na upungufu wake.

Kituo cha pili kilihusu miaka ya 1946 hadi 1949, ambapo Nyerere, baada ya kumaliza Makerere, alifundisha katika shule ya wamisionari ya St. Mary's mjini humo pamoja na rafiki yake Andrew Tibandebage, huku akishiriki shughuli za TAA (Tanganyika African Association), chama kilichokuja kuzaa TANU, chama kilichoongoza harakati za uhuru. Hapo palielezwa pia jinsi Padri Richard Walsh alivyomsaidia kupata nafasi ya kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikosoma kuanzia mwaka 1949 hadi 1952. Maelezo yalikuwa sahihi na yalitosha.

Baada ya chakula cha mchana basi lilielekea Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alilokaa David Livingstone mwaka 1872. Tembe hilo lina thamani yake, na mtu anayefundisha historia ya misafara ya pembe na watumwa hawezi kuliacha. Lakini katika maisha ya Nyerere halina nafasi. Liliingizwa kwenye ratiba kwa sababu kila mgeni wa Tabora hupelekwa huko, na kwa sababu kuna jengo la kuingia na vitu vya kutazama. Lilimeza sehemu kubwa ya alasiri. Jua lilipoanza kuinama tulirudi mjini, na ndani ya basi lililokuwa likitembea mwongozaji alichukua kipaza sauti akasema kwamba mwaka 1958 TANU ilifanya mkutano mkuu Tabora, kwamba mkutano huo ulifikia Uamuzi wa Busara, na kwamba uamuzi huo ndio uliotufikisha kwenye uhuru. Akaendelea na habari nyingine.

Wanafunzi waliandika kwenye madaftari: 1958, Uamuzi wa Busara. Nilipowauliza waliokaa karibu nami ni uamuzi gani huo, na ulikuwa wa busara kwa nini, hakuna aliyejua. Sikuwashangaa, kwa sababu hawakuwa wameambiwa.

Naomba msomaji aniruhusu nikae hapa kwa muda, kwa kuwa ndiyo sababu ya kumtoa mtoto Kigoma hadi Tabora. Serikali ya kikoloni chini ya Gavana Edward Twining ilikuwa imetangaza uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, lakini kwa utaratibu uliojulikana kama kura tatu. Nchi iligawanywa katika majimbo 10, kila jimbo likiwa na viti vitatu, kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mwasia na kimoja cha Mzungu, na kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi, la sivyo kura yake ilikuwa haihesabiwi. Waafrika walikuwa zaidi ya watu milioni 8 na Wazungu walikuwa kama 20,000 tu, ilhali idadi ya viti ilikuwa sawa. Isitoshe, mpiga kura alitakiwa kutimiza masharti ya kipato, elimu au kazi ambayo Waafrika wengi mno hawakuweza kuyatimiza. TANU yenyewe wakati huo ilikuwa chama cha Waafrika peke yao, kwa hiyo haikuwa na mwanachama hata mmoja ambaye angeweza kugombea viti viwili kati ya vitatu. Pembeni yake kilikuwapo chama cha UTP (United Tanganyika Party), kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa baraka za gavana, kikingojea.

Ni rahisi kuelewa kwa nini wajumbe wengi walifika Tabora mwishoni mwa Januari 1958 wakiwa wamekusudia kuususia uchaguzi huo. Kuushiriki kulionekana kama kukubali kwamba Mwafrika mmoja ana uzito mdogo kuliko jirani yake wa rangi nyingine. Zaidi ya hayo, Nyerere mwenyewe alikuwa amejiuzulu ujumbe wa Baraza hilohilo mwezi mmoja tu kabla, Desemba 1957, kwa kuona kwamba serikali haikuwa na nia ya kweli ya mabadiliko. Ndiye aliyesimama mbele ya wajumbe akawaomba waingie kwenye uchaguzi waliouchukia, akiwa na hoja kwamba wakisusia, UTP itajaza viti na kuzungumza kwa jina la Watanganyika. Hoja yake ilishinda, lakini kwa gharama: Zuberi Mtemvu alijitoa TANU na kuunda chama chake cha African National Congress. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. TANU iliwaunga mkono Waasia na Wazungu walioafikiana na madai yake, miongoni mwao Amir Jamal, Sophia Mustafa na Derek Bryceson, na UTP haikuambulia kiti. Kura tatu haikutumika tena katika uchaguzi wa mwaka 1960, ambapo TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na uhuru ulifuata tarehe 9 Desemba 1961.

Haya hayana jengo la kupigia picha, na hapo ndipo ratiba ilipoteleza. Lakini yana kitu ambacho kijana wa kidato cha tatu anaweza kukishika kwa nguvu zote, yaani uamuzi mgumu ambao watu wenye akili na uzalendo walitofautiana juu yake. Usiku, katika bwalo la hosteli tulikolala, mwalimu wa historia aliyeandamana na wanafunzi alifanya jambo ambalo ratiba haikulipanga. Aliwaeleza utaratibu wa kura tatu, akawagawa makundi mawili, la kususia na la kushiriki, akawapa muda wa kujiandaa. Wa kususia walitawala mwanzo, na ilikuwa haki yao, kwa kuwa hoja yao ina heshima ya utu ndani yake.

Kisha mwalimu akawapa mfano ambao nadhani unastahili kuingia katika kila ziara ya aina hii. Miaka michache kabla ya mkutano wa Tabora, tarehe 1 Desemba 1955, Rosa Parks alikamatwa huko Montgomery, Marekani, kwa kukataa kumwachia Mzungu kiti ndani ya basi, na Wamarekani weusi wa mji huo waliyasusia mabasi hadi Desemba 1956, baada ya mahakama kuu ya nchi kuamua dhidi ya ubaguzi huo. Kwao kususia kulikuwa silaha. Kwa nini basi Tabora kususia kungekuwa kujinyima? Wanafunzi walihangaika na swali hilo kwa muda mrefu, hadi binti mmoja alipoligusa: abiria wengi wa mabasi ya Montgomery walikuwa weusi, kwa hiyo walipotoka, kampuni ndiyo iliyokosa fedha, lakini TANU ingetoka kwenye uchaguzi, serikali isingepungukiwa na kitu, kwa sababu nafasi zao zilikuwa na watu wa kuzijaza. Sikuwahi kusikia Uamuzi wa Busara ukielezwa kwa uwazi zaidi ya hapo, na aliyeueleza alikuwa hajafikisha miaka 18.

Sasa nirudi kwenye swali lililozimwa. Lilitokea jioni hiyohiyo ndani ya basi, mara baada ya maneno yale machache kuhusu mwaka 1958, na aliyeliuliza ni mwanafunzi kutoka upande wa Kasulu. Alisimama kwa adabu, akasema: "Shikamoo babu. Samahani, kama Mwalimu alipigania watu wachague wenyewe, mbona bibi yangu hakuulizwa alipohamishwa kwenda kijijini?" Mzee alimjibu kwamba watu walihamishwa ili wapate shule, maji na zahanati, kwamba hayo yalikuwa mambo ya maendeleo, na kwamba siku hiyo ilikuwa ya kumuenzi Mwalimu. Akamtaka aketi. Hakuna mwanafunzi mwingine aliyeuliza kitu hadi tuliposhuka.

Jibu la mzee lina ukweli ndani yake, na mtu asiyeukubali ukweli huo haitendei haki historia. Lakini si jibu la swali lililoulizwa. Mwanafunzi hakuuliza kuhama kulileta nini, aliuliza kuhusu ridhaa. Nalo ni swali la kihistoria kwelikweli, kwa sababu Kigoma ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo ambayo watu wake walihamishwa kwa wingi kwenda vijiji vya ujamaa, katika kile kilichoitwa Operesheni Kigoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, si hiari tena, na kwamba kazi hiyo ikamilike kufikia mwisho wa mwaka 1976. Zaidi ya watu milioni 10 nchini walijikuta katika vijiji vipya. Kuna mahali nyumba zilibomolewa au kuchomwa ili wenyewe wasirudi kwenye mahame yao. Na Nyerere huyohuyo, katika maandishi yake ya mwaka 1967 na 1968 juu ya ujamaa vijijini, alikuwa amesisitiza kwamba watu washawishiwe wala wasilazimishwe, na kwamba mtu haendelezwi na mwingine bali hujiendeleza mwenyewe. Kwa hiyo binti wa Kasulu hakumpinga Mwalimu kwa maneno ya maadui zake. Aliuliza kwa kipimo ambacho Mwalimu mwenyewe alikiweka.

Maswali ya jinsi hiyo yako mengine, na mwongozaji wa Tabora hana budi kuyatarajia. Mji huu ni mji wa reli, na wazee wa reli wanamkumbuka Kasanga Tumbo, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa reli wakati wa mgomo mrefu wa mwaka 1960, ambaye baadaye alikuja kuwa mpinzani wa serikali na akawekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Sheria ya kuweka watu kizuizini ilipitishwa mwaka 1962, wakati Rashidi Kawawa akiwa Waziri Mkuu, na ikatumika katika miaka yote ya urais wa Nyerere. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kwa katiba. Na Nyerere huyohuyo ndiye aliyefungua milango ya Tanzania kwa wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, wengi wakapewa ardhi Ulyankulu, hapohapo mkoani Tabora. Ndiye aliyeng'atuka kwa hiari mwaka 1985. Na ndiye aliyewahimiza Watanzania mwaka 1990 wajadili mfumo wa vyama vingi, ambao uliruhusiwa mwaka 1992. Anayetaka kumfahamu inambidi ayachukue yote kwa pamoja.

Sitaki kumlaumu mzee. Yeye ni wa kizazi kilichomwona Mwalimu kwa macho yao, na heshima yake kwake ni ya dhati. Tulipozungumza baada ya chakula aliniambia bila kuficha kwamba aliogopa mambo mawili: kwamba watoto wangerudi nyumbani wakisema mwongozaji wa Tabora amemtukana Baba wa Taifa, na kwamba yeye ni Mnyamwezi wa mjini, hakuhamishwa, hivyo asingeweza kulisemea jambo ambalo hakulipitia. Hofu ya kwanza naielewa ingawa siikubali. Ya pili ni uaminifu wa mtu anayejua mipaka ya ushahidi wake, na ndiyo iliyonionyesha mahali pa kurekebisha.

Maana tulipokuwa tukitoka Kigoma, siku iliyotangulia, tulikuwa tumepita kwa saa nyingi katikati ya ushahidi wenyewe bila mtu kusema neno. Vijiji vingi vinavyoonekana kutoka barabarani katika mikoa hii, nyumba zikiwa zimejipanga mistari, shule na zahanati katikati, ni matokeo ya operesheni zile. Wanafunzi walilala, wengine walisikiliza muziki, kwa sababu katika ratiba ziara ilikuwa ianzie Tabora, na barabara ilihesabiwa kuwa ni njia tu ya kufikia huko. Kwa ziara inayotumia basi, nadhani hilo ndilo kosa la kwanza la mpangilio: basi linaweza kuonyesha kile ambacho jengo haliwezi, yaani jinsi uamuzi uliofanywa mbali unavyoonekana katika ardhi watu wanayoishi.

Marekebisho yaliyokubaliwa kwa kundi litakalofuata ni haya. Kwihara imeondolewa na kuwekwa katika ziara nyingine ya biashara ya misafara, ambako itapata nafasi inayoistahili. Alasiri yote sasa ni ya mwaka 1958, na mdahalo wa kura tatu, pamoja na ule mfano wa Montgomery, utafanywa kabla ya kueleza matokeo, ili wanafunzi waamue wakiwa hawajui mwisho wake, kama wajumbe wenyewe walivyokuwa. Kabla ya safari kila mwanafunzi atamhoji mzee mmoja wa familia au jirani kuhusu kuhamia vijijini, na maelezo hayo yatasomwa kwenye kipaza sauti njiani, katika vipande vya barabara vinavyohusika. Mzee wa Tabora amekubali kubaki mwongozaji kwa sharti kwamba sehemu ya vijiji isimuliwe na aliyehamishwa, si yeye. Naliona sharti hilo kuwa la haki.

Binti wa Kasulu alikuwa wa kwanza kuleta maelezo. Bibi yake alimwambia kwamba walihamishwa mazao yakiwa bado shambani, na mihogo ile hawakuivuna. Akamwambia pia kwamba shule ya kijiji kipya ndiyo iliyomfundisha mama yake kusoma. Mwalimu wao wa historia alimuuliza aanze na lipi. Akasema yasomwe yote mawili kwa mpangilio uleule alioutumia bibi, bila neno "lakini" katikati.

Jambo moja bado halijaafikiwa. Mkuu wa shule anataka maswali ya wanafunzi yakusanywe kwa maandishi na kupitishwa kabla ya basi kuondoka, ili mgeni rasmi au mwongozaji asitahayari tena. Najua anabeba dhamana ya shule nzima, na sisemi kwamba nia yake ni mbaya. Lakini swali lililopitishwa ofisini huulizwa na mtoto anayejua tayari ni lipi linaloruhusiwa, na swali la binti wa Kasulu lisingepita. Nimemwandikia kwamba kama hilo litakuwa sharti, mimi sitaandamana na kundi lijalo, na nimependekeza badala yake kwamba mwongozaji apewe ruhusa ya kusema wazi mbele ya wanafunzi kwamba swali fulani hawezi kulijibu, kisha liandikwe na kutafutiwa mtu wa kulijibu kabla ya basi kurudi Kigoma.